Sista na Pikipiki Iliyokatazwa Kutoka Getini

Mimi sipendi mtu akanyage nilipokwisha kufagia. Nalisema mapema ili baadaye pasiwe na mshangao. Uwanja wa zahanati yetu naufagia kila asubuhi kabla jua halijapata nguvu, mistari ya fagio imelala sawasawa kutoka getini mpaka kwenye tangi la maji lililoko katikati, na kutoka tangini mpaka mlango wa chumba cha sindano. Daktari mwenyewe hupita pembeni. Wagonjwa nao wanajua. Hata mwenye homa kali hupita pembeni kwanza, akafika kwenye benchi, ndipo anaanza kutetemeka.

Basi siku walipotuletea pikipiki, wakaishusha kwenye gari na kuisukuma katikati ya mistari yangu, damu ilinichemka. Ilikuwa nyekundu, mpya, kiti bado kina plastiki, na nyuma imefungwa sanduku jeupe la kubebea chanjo zisipate joto. Bwana aliyeileta kutoka makao makuu alisema maneno machache tu. Ni ya kupelekea chanjo vijijini. Atakayeiendesha lazima awe na leseni. Asiye na leseni asiitoe getini hata gurudumu moja. Na ukaguzi ukifika mwisho wa msimu tukiwa hatuna dereva, watakuja kuichukua waipe zahanati nyingine yenye dereva. Akanywa maji, akaaga, akakanyaga mistari yangu tena, akaondoka.

Tukabaki tunatazamana. Daktari ana mgongo mbovu, akikaa kwenye kiti kigumu kwa muda huinuka kwa awamu. Mimi magoti yangu yanalia nikipanda ngazi tatu. Aliyebaki ni Sista.

Sista ni muuguzi wetu. Mfupi, mnene kiasi, miwani imemkaa puani kana kwamba alizaliwa nayo. Ni mwangalifu mpaka inachosha. Kabla ya kuvuka korido huangalia kulia na kushoto, na korido yenyewe ina watu watatu. Alichokosa ni moyo wa kujaribu vitu vya hatari. Baiskeli aliijaribu mara moja utotoni, akaingia nayo kwenye mahindi ya jirani, akakaa humo mpaka jioni kwa aibu. Alinisimulia mwenyewe. Sasa mtu huyo akaizunguka ile pikipiki, akakigusa kiti kwa kidole kimoja kama anapima homa, akasema, "Nitaiendesha mimi."

Nilicheka. Sikucheka kwa wema.

Inabidi nieleze kwa nini. Binti yangu ameolewa bondeni, ng'ambo ya kilima. Kwa miguu ni nusu siku kuja na nusu siku kurudi, na kuna mto katikati unaojaa ukisikia tu mawingu. Mwaka ule, kabla pikipiki haijaja, alikuja na mtoto mgongoni kumchanja surua. Mto ulimchelewesha, akafika siku moja baada ya siku ya chanjo. Chupa moja ya chanjo ile hutosha watoto kumi, na ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyo hiyo, inayobaki humwagwa. Kwa hiyo utaratibu ni kwamba haifunguliwi kwa mtoto mmoja. Sista akamwambia arudi wiki ijayo. Binti yangu hakubishana. Alilala kwangu, asubuhi akamfunga mtoto mgongoni, akarudi kwao, na hakuja tena. Nani angekuja tena? Ana shamba, ana mume mgonjwa mgonjwa, na ana miguu miwili tu.

Najua Sista alifuata sheria. Lakini mimi hasira yangu si ya kupoa na kikombe cha chai. Toka siku ile nilikuwa namsalimia, basi. "Habari za asubuhi." "Nzuri, Mama." Imeisha hiyo. Na yeye akinipita alikuwa anatazama chini. Aliposema ataendesha pikipiki nilidhani anatafuta sifa.

Mwalimu alipatikana mlangoni petu. Kuna mwendesha pikipiki wa abiria anayeegesha nje ya geti, watu wote wanamwita Taratibu. Jina hilo alipewa na abiria wake, waliokuwa wakimsihi hivyo wakiwa mgongoni kwake. Siku hizi ana mvi za ndevu na wajukuu wawili, na ametulia. Zaidi ya kutulia, amekuwa mtu wa sheria. Anasimama kwenye alama ya kusimama hata akiwa anatembea kwa miguu. Daktari akamwomba, naye akakubali, ila kwa sharti moja: Sista asiombe kujifunzia pikipiki yake. "Ile ndiyo inanilisha," alisema. "Ajifunzie hiyo yenu, humu ndani."

Humu ndani maana yake uwanja wangu.

Siku ya kwanza Taratibu alimfundisha klachi, gia, breki, na mkono wa mafuta. Sista alisikiliza kwa adabu, akarudia kila kitu kama mwanafunzi bora wa darasa. Kisha akapanda, akawasha, akaachia klachi kwa ghafla. Pikipiki iliruka mbele, ikapita katikati ya kamba ya kuanikia, na Sista akatokea upande wa pili amefunikwa shuka la wodi kuanzia kichwani mpaka kiunoni, bado anakwenda. Ukuta wa jiko la kuchomea taka ndio uliomsimamisha. Mzee mmoja aliyekuja kupimwa presha alisema anaomba apimwe siku nyingine.

Nilienda kuchukua shuka langu. Sista alikuwa amekaa chini, miwani imepinda. Nikajua sasa ataacha. Akanitazama, akauliza, "Mama, shuka limechanika?" Nikasema halijachanika. "Basi afadhali," akasema, akainuka, akaenda kuiinua pikipiki.

Tangu hapo ikawa kila siku wagonjwa wakiisha, au wakikaribia kuisha, Sista anavaa kofia ngumu na kuingia uwanjani. Taratibu alimpangia njia. Alisema uwanja ni mdogo, ila una tangi katikati, na tangi ni mzunguko wa barabarani uliokamilika. "Utalizunguka kama mzunguko wa mjini," alisema, "tangi likiwa mkono wako wa kulia. Usiende kinyume hata siku moja. Ukizoea kuvunja sheria humu, utaivunja na kule." Basi Sista akawa anazunguka. Gia ya kwanza, gia ya pili, tangi mkono wa kulia. Alianza kwa kuburuza miguu chini kama bata, siku zikaenda, miguu ikapanda. Siku alipolizunguka tangi bila kugusa ardhi, benchi zima lilimpigia makofi, na mama mmoja mwenye mapacha aliapa atampa mmoja.

Maana benchi nalo lilikuwa limeshakuwa chuo cha udereva. Watu walikuwa wakija kutibiwa asubuhi na kukaa mpaka alasiri bila sababu. Kila mtu alikuwa mwalimu. "Klachi, Sista, klachi." "Mwacheni, anaijua." "Anaijua wapi, sikiliza injini inavyolia." Mzee wa presha alirudi, akapimwa, ikaonekana imeshuka. Daktari alisema huenda ni dawa. Sisi wengine tulikuwa na mawazo yetu.

Mimi nilibaki na fagio langu na hasira yangu. Lile gurudumu lilikuwa limechimba mfereji wa duara kuzunguka tangi, na kila asubuhi nilifagia juu yake nikinung'unika. Isitoshe mimi ndiye mwenye funguo za geti. Muda wa kufunga ukifika, mimi nafunga, awe Sista katikati ya gia ya pili au ya ngapi. Nilikuwa nasimama pale nikizichezesha zile funguo zisikike vizuri. Taratibu alisema mwanafunzi anahitaji saa za kutosha za mazoezi, la sivyo atakwenda kupoteza ada ya mtihani. Nikamwambia saa zimo nyingi tu, azitafute sehemu nyingine.

Jioni moja nilikuwa nazichezesha hivyo, Taratibu ameshaenda kumpeleka abiria. Sista akaja na kusimama mbele yangu, kofia imemkaa upande.

"Mama, mzunguko mmoja tu."

"Nyumbani kuna chungu kinaningoja."

Akazima injini. Akasema, "Nataka niende bondeni kwa mjukuu wako. Najua hujanisamehe. Mimi mwenyewe sijajisamehe. Nililinda chupa nikamwacha mtoto. Nikilala namwona mama yake anavyomfunga mgongoni tena, wala hakunilalamikia. Angenilalamikia ingekuwa nafuu. Pikipiki hii ikiondoka, Mama, sina njia nyingine ya kufika kwake."

Nilimtazama yule mtu mfupi na magoti yake yenye mchubuko, anayeogopa korido, na nikaelewa alikuwa anavunjika mifupa kwa ajili ya nani. Nikatoa ufunguo wa geti kwenye shada, nikampa.

"Ukimaliza funga vizuri," nilisema. "Na usikanyage upande ule wa maua."

Kuanzia hapo akawa na saa zake za kutosha. Mengine najua kwa kusikia harufu ya mafuta asubuhi.

Mtihani wa kwanza ulifika. Wa maandishi alifaulu bila kosa hata moja, alama zote za barabarani anazijua, hata zile za kuonya kuhusu wanyama ambao hapa petu hawapo. Akaingia uwanjani kwa mtihani wa kuendesha, kwa pikipiki ya watahini wenyewe. Sikuwepo, lakini Taratibu aliyempeleka alinieleza akiwa ameshika kichwa. Kupita katikati ya koni, sawa. Kuondoka mlimani, sawa. Breki ya ghafla, sawa kabisa. Kisha mtahini, bwana mwembamba mwenye filimbi aliyekaa kwenye kiti chini ya mwavuli, akamwambia achore nane. Yaani azunguke duara la kulia, apite katikati, azunguke la kushoto, bila kugusa miguu chini. Taratibu mwenyewe hakuwa na habari ya nane. Yeye alipata leseni enzi za kuzunguka uwanja mara moja na kupeana mikono.

Duara la kulia, alisema, Sista alilizunguka hata mtahini akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika katikati akapaswa kukata kushoto. Hakukata. Alinyoosha, akaenda moja kwa moja, taratibu, bila haraka, macho yamemtoka, mpaka kwenye mwavuli. Mwavuli ulianguka, chai ya mtahini ikaingia kwenye viatu vyake. Mtahini aliandika kitu kifupi sana. Arudi baada ya wiki mbili, alisema, na hizo wiki mbili ziliishia siku moja kabla ya ukaguzi wa pikipiki. Nafasi ilikuwa hiyo moja iliyobaki.

Aliporudi tulikuwa wote tunamsubiri, na kila mtu alikuwa na sababu ya kushindwa kwake. Taratibu alisema ni woga. Daktari alisema ni miwani. Mzee wa presha alisema ni ule mwavuli, nani aliwatuma waweke mwavuli pale. Sista aliingia chumba cha sindano, akachanja watoto waliokuwa wamebaki, akaenda nyumbani amenyong'onyea. Usiku ule mimi nilikosa usingizi kama vile ni mimi niliyeangusha mwavuli.

Asubuhi nikiwa nafagia akaja mapema, kikombe mkononi. Akasimama anatazama. Nikafika kwenye ule mfereji wa gurudumu, nikaanza kunung'unika kama kawaida yangu.

"Mama," akasema, "mfereji huo ni mmoja tu?"

"Mmoja, na unanitosha."

Akaweka kikombe chini. Akainua mikono mbele kama ameshika usukani, akaanza kutembea kwa miguu juu ya ule mfereji, tangi mkono wa kulia. Akazunguka mara moja. Akageuka, akajaribu kutembea kurudi alikotoka, tangi mkono wa kushoto, mikono bado juu. Hatua ya tatu akasita. Mabega yake yenyewe yalikuwa hayajui yainame wapi. Akasimama pale, akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikamdondoka, akakaa chini penye mistari yangu, na mimi wala sikumfukuza.

"Mama yangu," alisema akifuta machozi, "mimi kushoto sijawahi kwenda tangu nianze."

Na ni kweli. Siku zote zile, saa zote zile, ufunguo wote ule niliompa, alikuwa anakata kulia tu. Alikuwa dereva hodari wa nusu ya dunia.

Taratibu alipoambiwa alikataa katakata. "Kuzunguka mzunguko kinyume ni kosa," alisema.

"Ni tangi la maji," nikamwambia.

"Wote husema hivyo kabla ya ajali."

"Ajali na nani? Na ndoo yangu?"

Alifikiri sana. Mwisho alikubali Sista aende kinyume, ila yeye mwenyewe hataangalia. Na kweli, Sista alipowasha na kulizunguka tangi likiwa kushoto, mwalimu wake alisimama ameupa ukuta uso, mikono nyuma, akifundisha kwa kusikiliza. "Punguza mafuta," anauambia ukuta. "Inamisha mwili. Usitazame gurudumu." Benchi lilivunjika mbavu. "Sista, unakuja na njia ya watu," walipiga kelele, na yule mama wa mapacha akajifanya anapiga honi.

Haikuwa rahisi hata kidogo. Upande wa kushoto alikuwa mgeni kabisa, kama siku ya shuka. Alianguka mara ya kwanza, akaanguka tena, akapata mchubuko upande ambao ulikuwa bado mzima. Wiki moja ikaisha hivyo. Mimi nikaona hapa hapahitaji maneno tena. Nikaenda nyuma ya jiko la taka, nikaviringisha pipa langu la maji mpaka uwanjani, nikalisimamisha kwa umbali unaofaa kutoka kwenye tangi. Sasa kulikuwa na vitu viwili vya kuzunguka. Kesho yake alfajiri, badala ya mistari yangu ya kunyooka, nilifagia nane. Nane kubwa, nzuri, imezunguka tangi na pipa, mchanga wa pembeni umeachwa vile vile ili njia ionekane. Mgongo uliniuma siku nzima. Daktari alipofika alisimama getini akiwa hajui apite wapi.

"Pita pembeni," nikamwambia, "kama kawaida."

Sista aliifuata ile nane asubuhi kabla ya wagonjwa, mchana wakila, na jioni mpaka giza lilipoanza. Kila siku aliifuta kwa gurudumu na kila alfajiri niliifagia upya. Kuna siku alipita katikati, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kufikiria, akiwa anajibu swali la mama mmoja kuhusu kikohozi cha mtoto. Hakujua kama amefanya. Taratibu alikuwa ameupa ukuta uso, akasikia injini haikubadilika sauti, akageuka. Akatazama nane nzima, hata duara la kinyume. Akasema kwa sauti ya chini, "Sasa anaweza."

Siku ya mtihani nilijiombea ruhusa, nikaenda. Taratibu alitubeba sote wawili kwenye pikipiki yake, mtu wa sheria, watatu tumebanana mshikaki kabisa, na kabla hatujafika kwenye kona ya uwanja wa mtihani akatushusha tumalizie kwa miguu asije akaonekana. Hakunitazama usoni. Nami nilikuwa na mengi ya kusema lakini niliyaweka akiba.

Mtahini alikuwa pale pale, chini ya mwavuli, ila safari hii kiti amekisogeza mbali. Alipomwona Sista aliinua kikombe chake akakishika mkononi. Koni, sawa. Mlima, sawa. Breki, sawa. Nane. Sista akazunguka la kulia. Akafika katikati. Nikaona mabega yake yanainama, kidogo tu, upande wa kushoto, na pikipiki ikaenda nayo. Akalizunguka, akarudi katikati, akalipita la kulia tena, akasimama mbele ya mwavuli, akashusha mguu mmoja.

"Umemaliza?" mtahini akauliza.

"Nimemaliza."

Akaandika. Kisha akanitazama mimi, mwanamke mzima niliyesimama ukingoni na machozi mpaka kidevuni. "Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mama yake," nikasema, na sikusahihisha.

Mkaguzi alipokuja kesho yake kuangalia pikipiki, Sista alimtolea karatasi ya kufaulu, naye akaangalia, akanywa maji, akaondoka bila pikipiki. Ilimlazimu apite pembeni. Nilihakikisha.

Leseni ilipotoka, safari ya kwanza ilikuwa ya bondeni. Sista akasema hajui njia, niende naye nimwelekeze. Nikapanda nyuma, sanduku la chanjo wamelifunga kwenye chuma cha pembeni, nikamshika kiuno. Tulipovuka geti, gurudumu la mbele likagusa barabara, nikafumba macho. Sikuyafumbua. Sista akawa ananiuliza, "Mama, hapa kulia au kushoto?" na mimi najibu, "Sijui, siangalii." Alifika kwa kuuliza watu. Alisimama kila penye mtu, akazima, akasalimia, akauliza, akawasha, akakata kulia, akakata kushoto. Mto ulikuwa na maji ya kifundo tu, alishuka akaisukuma, na mimi nikavuka kwa miguu nikiwa nimefumbua jicho moja.

Tulifika kabla jua halijawa kali. Binti yangu alikuwa mbele ya nyumba anatwanga, mtoto yuko mgongoni, amekua, miguu inaning'inia. Aliponiona mimi aliangusha mchi. Alipomwona Sista aliuokota tena. Akasimama ameushika, uso umekaza. Huyo ni mwanangu, hasira hakuiokota barabarani.

Sista alivua kofia. Nywele zimelala, vumbi mpaka kwenye miwani. Hakuanza kujieleza. Alimwambia binti yangu, "Mama, nimekuja kumchanja mtoto."

"Wanatakiwa watoto wangapi?" binti yangu akauliza. "Au leo tena tuwe kumi?"

Hapakuwa na mtu mwingine. Watu wa bondeni wako mashambani, habari hawajapata. Sista alifungua sanduku, akatoa chupa, akaifungua pale pale kwenye kizingiti, kwa mtoto mmoja. "Wengine watafika," alisema. "Wasipofika nitawafuata huko waliko. Nina usafiri."

Mtoto alilia, akanyamaza, akataka kuishika miwani. Binti yangu alikuwa amekaa chini karibu na Sista, mchi ameuweka pembeni, anamtazama yule mwanamke mfupi na ile mashine nyekundu, anamtazama tena.

"Kumbe unaiendesha mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe."

"Na ile chanjo nyingine, ya mwaka ujao, nije lini huko?"

"Usije," Sista akasema. "Wewe kaa hapa hapa kwako. Mimi ndiye nitakayekuja."

Binti yangu alimfungua mtoto, akamweka kwenye mapaja ya Sista, akaenda kuwaita majirani.